Harusi ya Kubandikwa

Lul alijulikana Garissa kuliko mheshimiwa yeyote wa kaunti hii, ila alijulikana kwa masikio tu. Ndiye aliyekuwa akilia ndani ya simu za wanawake kuanzia kwetu mpaka Wajir na Mandera. Alikuwa malkia, mjakazi, mama mkwe mwenye roho mbaya na mtoto mwenye homa, wote katika filamu moja. Filamu za Kituruki na za Kihindi zikifika huku hutiwa sauti za Kisomali kabla ya kuuzwa, na sauti ya wanawake, kwa miaka yote niliyomfahamu, ilikuwa yake. Alipita Soko Mugdi na nikabu yake akinunua vitunguu, na muuza vitunguu, simu sikioni, alikuwa akimsikiliza yeye huyo huyo akimuaga mwanawe anayekwenda vitani. Machozi yalimtoka yule mama. Akamwambia mteja wake, "Subiri kidogo, abaayo, dada yangu, hapa ni pabaya." Lul akasubiri.

Mimi ni mshonaji. Watu wangu ni Wamalakote, watu wa mtoni, tuliokuwa tukilima kando ya Tana kabla mji huu haujawa mji, na chumba changu cha cherehani kilipakana na studio ya Ahmednoor huko Bulla Iftin. Nikisema studio naipa heshima ya bure. Kilikuwa chumba cha mabati chenye magodoro yaliyopigiliwa misumari ukutani, kompyuta moja, na kipaza sauti kilichovishwa soksi. Feni ilizimwa wakati wa kurekodi, kwa hiyo mabinti wa kifalme walitoa amri huku jasho likiwachuruzika. Punda akilia njiani, wanaanza upya. Mwadhini akiadhini, wanasimama. Na mimi nikikanyaga cherehani wakati wa maneno ya mapenzi, Ahmednoor hugonga ukuta kwa hasira. Mara nyingine nilikanyaga makusudi, maana yale maneno yalizidi.

Ahmednoor si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu nina hasira naye mpaka leo, na mtu mwenye hasira ni shahidi mbovu. Ni mfanyabiashara, basi. Busu likitokea alilikata. Divai ikinywewa, ikawa sharbati. Mfalme akiwa na hawara, yule hawara akawa mke wa pili, na mambo yakaendelea. Filamu ikiingia chumba kile ilitoka imesilimu na kutahiriwa, na wateja walifurahi. "Mimi si mwalimu, Mama Saumu," aliniambia siku moja kwa Kiswahili chake. "Mteja nataka kulia kidogo, halafu nataka kufurahi. Mimi nabea yeye hiyo."

Lul alizaliwa Tarbaj, binti wa pili kati ya watatu. Maka ndiye mkubwa, Idil ndiye kitinda mimba, na alikuwepo kaka yao mmoja, Awil. Baba yao alikuwa na ngamia mpaka ukame ulipomwachia kamba tupu, naye hakuishi sana baada ya hapo. Lul alisoma mpaka kidato cha nne huko Wajir, akaolewa Garissa, akaachwa Garissa. Mumewe, Daud, alimwacha kwa sababu ya kukosa mtoto, na Lul hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo. Mimi nilimwambia kwamba Daud naye hakupata mtoto kwa mke aliyefuata. Akacheka mpaka akakaa chini.

Shuleni alikuwa ameokota kitabu. Mwalimu mmoja aliyehamishwa alikiacha kabatini, kitabu cha Kiingereza kilichochanika jalada, kisa cha kale cha binti wa amiri na mtunza vipanga wa ngomeni. Binti ameahidiwa amiri mzee wa nchi jirani ili vita vikome. Kitabuni, mwishoni, binti anavaa nguo za wachota maji, anatoka langoni pamoja nao, na yule kijana anamngoja nje na farasi. Wanakwenda mpaka nchi ambayo baba yake hana neno, na kadhi wa huko anawaozesha. Lul alimsimulia Idil kisa hicho walipokuwa kisimani wakingoja zamu ya kunywesha mifugo. Idil alikuwa mdogo, akauliza, "Na ngamia wao?" Lul ikambidi awape ngamia. Tangu hapo Idil hakukubali hadithi nyingine yoyote.

Alipopata kazi kwa Ahmednoor, Lul alianza mchezo mmoja ambao bosi wake hakuujua. Katika kila filamu alimsalimu mdogo wake. Mjakazi akipita na sinia, malkia humwambia, "Idil, umekula?" hata kama mdomo wa malkia umefungwa. Farasi akijikwaa, mpandaji husema, "Pole, Idil." Kadi za simu zenye filamu zikifika Tarbaj kwa basi, wanawake wakakusanyika mbele ya televisheni ya sola nyumbani kwa Awil, Idil alingoja jina lake, na likitajwa hupiga simu Garissa akicheka hata maneno hayasikiki. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani. Kicheko chake kilikuwa kizuri.

Halafu Maka akafa akijifungua. Mtoto alipona.

Maka alikuwa ameolewa na Muse, mfanyabiashara wa ngamia, mtu wa makamo, mpole, na sitamsingizia jambo. Aliachwa na watoto wadogo na kichanga cha siku chache. Wazee wakakaa. Ipo desturi, inaitwa higsiisan: mke akifa, familia yake humpa mume dada wa marehemu, ili watoto walelewe na damu yao na undugu usikatike. Ina busara yake. Nimeona mama wa kambo akimchoma mtoto kwa kijiko cha moto, kwa hiyo sisemi haina busara. Ila busara ile ilimwangukia Idil, kwa kuwa Lul alikuwa ameshaolewa akaachwa bila mtoto, ilhali Idil alikuwa na mtu wake.

Mtu huyo alikuwa Fathi, kijana aliyezunguka na serikali kuchanja mbuzi na ngamia. Alituma wazee wake kwa Awil kama inavyotakiwa. Wakapewa chai, wakaambiwa neno limeshatolewa. Idil akampigia Lul simu analia, Awil akamkuta, akaichukua ile simu akaitia mfukoni. Kuanzia hapo, Lul akipiga, Awil ndiye aliyepokea.

"Idil mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Yuko na wanawake."

"Nipe niongee naye."

"Nitamwambia ulimsalimia."

Hakumwambia. Awil hakuwa katili. Alikuwa mwoga, na mimi kati ya hao wawili namhofia zaidi mwoga, kwa kuwa katili huchoka.

Njia ilibaki moja. Wenyewe huiita masafa. Msichana akikataliwa mtu wake na walii, yaani baba au kaka mwenye haki ya kumwozesha, yeye na kijana huweza kusafiri mbali na nyumbani, umbali unaotosha kwa sheria, na sheikh wa huko akawaozesha. Ndoa ni ndoa. Nyumbani watakasirika, baadaye wazee watapatanisha, ngamia watalipwa, na mtoto wa kwanza akizaliwa kila mtu husahau. Wengi wamepita hapo, hata baadhi ya wale wanaopinga sana. Lakini lazima msichana atoke mwenyewe kwa miguu yake.

Fathi alikuja Garissa kuzungumza na Lul, na kwa kuwa haikufaa wakae peke yao, walikaa kwangu, kati ya vitambaa. Kijana mwembamba, mwenye haya, akizungusha kofia yake mikononi. Nilimpenda papo hapo, kama mtu anavyompenda mtoto wa watu. Gari alikwishalipata, gari jeupe la binamu yake. Angengoja huko Tarbaj siku ya soko la mbuzi, nje kidogo ya soko, penye tangi la maji la zamani lililotoboka, karibu na lami. Kutoka hapo wangeelekea kusini hadi kwetu Garissa, na sheikh alikuwa tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia Idil.

"Mtume mwanamke," nikasema.

"Nani, abaayo?" Lul akanijibu. "Tarbaj yote ni binamu wa Awil. Nikituma mtu, habari inafika kwa Awil kabla mtu hajashuka kwa basi."

Fathi naye asingeweza kukaribia boma. Watoto walimjua, wangemshangilia kwa jina kwa sababu ya wale mbuzi aliowachanjia. Na harusi ya Idil na Muse ilikuwa imepangwa baada ya mfungo sita kuisha.

Wiki hiyo hiyo Ahmednoor akaja na filamu mpya. Ilikuwa imetengenezwa kutokana na kile kitabu.

Nakumbuka Lul alivyopiga ukuta kuniita, kama anayepiga ngoma. Niliacha gauni la watu sindanoni nikaenda. Tulikaa sote kwenye magodoro tukaitazama kabla ya kuitia sauti, na kusema kweli ilikuwa nzuri: ngome, theluji, vipanga wakiruka, yule kijana mwenye macho makubwa. Lul alikuwa akinong'ona maneno ya mbele kabla hayajasemwa. Tukafika mwisho. Wachota maji wakatoka langoni, binti yuko kati yao, amevaa matambara. Akasimama. Akageuka. Akarudi ndani, lango likafungwa nyuma yake. Kijana akaondoka na farasi wake mweusi, polepole, na binti akapanda juu ya ukuta akamtazama akiondoka. Basi. Kamera ikakaa mgongoni kwake muda mrefu sana, upepo unavuma, theluji inaanguka, hakuna linalosemwa. Halafu majina yakaanza kupita.

"Wamemwacha!" Lul akasema. "Wallahi wamemwacha! Kitabuni anatoka!" Alisimama katikati ya chumba amekunja ngumi, mtu mzima. "Nani aliwapa ruhusa? Msichana ametembea filamu nzima aje afike mlangoni arudi? Picha nzuri namna hii, mwisho mbaya namna hii!"

Ahmednoor alikuna ndevu. Alisema huenda ndio ustadi wa siku hizi, huko ng'ambo watu wamechoka na furaha. Mimi nilisema ni wavivu tu, harusi ina gharama, huzuni inahitaji ukuta na upepo tu. Lakini Lul alikuwa na machozi ya kweli, na nilijua hayakuwa ya binti wa amiri.

Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, Ahmednoor ametoka kuswali, "Umeona? Mdomo wake hauonekani."

Nilielewa baadaye kidogo, nikishona. Lile tukio la ukutani lilikuwa refu, binti ametupa mgongo, na filamu haikumpa neno hata moja. Mtu angeweza kumpa lolote. Na kadi iliyonunuliwa dukani hakuna anayeitilia shaka; Awil mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaletea wanawake kadi, ili watulie.

Waliirekodi filamu yote kwa siku kadhaa. Safari hii Lul hakumwita mjakazi yeyote Idil, wala farasi, wala mbwa. Alitaka jina lisikike mara moja tu, mwishoni, ili wengine wasilizoee na mwenyewe asishindwe kulishika. Siku ya tukio la ukuta nilisimamisha cherehani nikaweka sikio kwenye bati. Alisema kwa sauti ya binti yule, taratibu, na sauti haikutetemeka: "Idil, mjakazi wangu, nisikilize. Mtunza vipanga hajaondoka. Siku ya soko la mbuzi atakuwa penye tangi kuukuu lililotoboka, na farasi mweupe. Atangoja kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Chukua kibuyu cha maziwa utembee kama wachuuzi. Usiage mtu. Dada yako anakungoja mjini." Farasi kwenye picha alikuwa mweusi tii. Ahmednoor aliuliza, Lul akamjibu ni mashairi, naye akaridhika, kwa kuwa Msomali hakatai mashairi.

Filamu ikaingia madukani Garissa kwanza, kama kawaida. Na Garissa ikakasirika. Sijawahi kuona wanawake wakikasirikia kitu namna ile, hata bei ya sukari. Walirudisha kadi dukani wakazitupa juu ya meza. Mmoja alimuuliza Ahmednoor, mimi nikisikia, kama yeye hana dada. Mwingine alisema ameacha mboga ikaungua kwa ajili ya upuuzi ule. Walitaka waoane. Walikuwa wamewafuata watu wale kutoka utotoni mpaka langoni, na sasa wanaonyeshwa mgongo. Mimi na Lul tulicheka. Tulisema waache wakasirike, sisi mwisho wetu tunaujua. Naona aibu kwa kile kicheko.

Wakati ule sikujua Ahmednoor alifanya nini, wala Lul hakujua. Hakuhitaji kutuambia, kwa sababu hakuhitaji sauti ya mtu. Alikaa nyumbani kwake na kompyuta yake akakata ukuta wote, tangu lango linapofungwa mpaka majina, akabandika harusi kutoka filamu nyingine. Bibi harusi amefunikwa shela, bwana harusi haonekani vizuri, kuna ngoma na vigelegele, na yeyote anayetaka kufurahi hatauliza kwa nini ghafla theluji imekwisha na mitende imeota. Kadi zilizokwenda kaskazini zote zilikuwa hizo. Alifanya alichokuwa akifanya siku zote. Alimpa mteja harusi.

Siku ya soko Lul hakuja kazini. Alikuja kwangu. Alikuwa amefua shuka, amenunua uturi na hina, amepika sambusa ambazo hakuna aliyezila. Aliketi na simu mapajani. Kila nilipokanyaga cherehani alisema, "Polepole, abaayo, nitakosa simu," ingawa simu ile ingeweza kumwamsha maiti.

Fathi alipiga jioni. Nilimsikia kwa sababu Lul aliweka sauti kubwa, akidhani atasikia sauti mbili.

"Hakuja," Fathi alisema.

"Ulikaa palepale?"

"Palepale. Tangu asubuhi. Joto lilizidi nikafungua mlango mmoja, sikutoka nisionekane. Wanawake wamepita wengi, wote wamejifunika kwa vumbi, nikawa namtazama kila mmoja. Hakuna aliyenijia. Basi amekataa. Mwambie sina kinyongo naye."

Lul alizima simu. Alisema, "Ameogopa." Baadaye akasema, "Amefika mlangoni akarudi." Alisema hivyo kwa chuki kabisa, dada kwa dada, na nilimwambia asihukumu, lakini moyoni hata mimi nilimhukumu. Nilisema, wasichana hawa, unawafungulia mlango wanauogopa upepo.

Harusi ilifanyika. Sheikh alisimama nje ya chumba akauliza kama binti ameridhia, na ndani pakawa kimya, na ukimya wa msichana huhesabiwa kuwa ndiyo. Lul hakwenda. Alisema ana kazi. Aliendelea kuwapa sauti mabinti wa wafalme, ila hakumsalimu mtu tena, farasi wakajikwaa bila pole. Fathi aliomba uhamisho, akapelekwa Banissa, na kabla ya mwaka kuisha tukasikia ameoa huko. Sikumlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na kijana hawezi kukaa penye tangi maisha yake yote.

Mimi ndiye niliyemlazimisha Lul aende Tarbaj. Nilikuwa na nguo za Idi za kuuza, nikamwambia ndugu ni ndugu, Idil ana ujauzito sasa, nenda umwone. Tulikwenda pamoja.

Muse alitupokea vizuri. Alichinja mbuzi, aliuliza habari za safari, habari za mvua, habari za mtoni, kisha akaenda msikitini akatuachia nyumba. Idil alikuwa mkubwa wa tumbo na mdogo wa uso. Sauti niliyoizoea kupitia ukutani sikuisikia. Alimsalimu dada yake kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima, kwa mkono, akimuuliza habari moja baada ya nyingine bila kungoja jibu. Watoto wa Maka walikuwa safi, wamenyolewa vizuri. Walimwita habaryar, mama mdogo, na kumng'ang'ania nguo.

Mke wa Awil alikuja, na majirani wakaja, kwa kuwa mgeni alikuwa Lul, ile sauti yenyewe. Wakaleta televisheni ya sola. Wakasema watamwekea ile wanayoipenda kuliko zote, ya mtunza vipanga, tumeichakaza kwa kuitazama, walisema. Lul alinitupia jicho. Sikuweza kuwazuia, ningesema nini?

Tuliitazama yote, katika joto, na majirani wakisema maneno pamoja na Lul wa kwenye televisheni, naye Lul mwenyewe ameketi kati yao amekaza mdomo. Langoni binti akageuka. Lango likafungwa. Na mara zikalia ngoma, shela jekundu, sahani za wali, mitende, bwana harusi amenenepa ghafla. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akampiga Lul begani kwa furaha. Niliona mkono wa Lul ukitafuta kitu cha kushika, ukashika goti langu, na ukaliumiza.

Alivumilia mpaka majirani walipotoka. Idil alikuwa jikoni, amechutama mbele ya jiko akimimina uji wa anjera, zile chapati laini za Kisomali, juu ya bamba. Tulimfuata. Hakugeuka.

"Filamu ile nimeitazama kuliko wote," Idil alisema. "Walikuwa wakilala, mimi naianza tena. Nilisema, Lul hawezi kuninyamazia sasa. Nilisikiliza mpaka farasi. Hukunisalimia hata mara moja."

"Nilikusalimia," Lul akasema. "Pale ukutani."

"Ukuta gani?"

Lul akachutama kando yake akamwambia. Alimwambia yote, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni nyembamba kuliko ile ya kwenye filamu: mgongo wa binti, theluji, maneno yalivyokuwa, moja moja. Alimwambia juu ya Garissa na wanawake waliotaka harusi. Akamwambia kwamba Fathi alingoja. Alikuwa akilia na kuomba msamaha, na Idil akaendelea kumimina anjera, akifunika, akifunua, hakuunguza hata moja. Mimi nilitamani apige kelele. Nilitamani amwage ule uji wote motoni.

"Gari jeupe?" Idil akauliza hatimaye.

"Jeupe."

"Mlango mmoja wazi. Wa upande wa tangi."

Mimi ndiye niliyesema ndiyo, aliuacha wazi kwa ajili ya joto.

"Nililiona," Idil alisema. "Siku ile nilikuwa sokoni na mke wa Awil, tunauza maziwa. Nikasema, huyu mnunuzi wa mbuzi ana moyo gani, amekaa juani tangu asubuhi, hata maji hanywi. Nilimimina kikombe nimpelekee. Nikatembea nacho, nikafika karibu. Shemeji akaniita, akasema jua limekwenda, tunarudi. Nikakinywa mimi."

Aliondoa anjera ya mwisho juu ya bamba akaiweka juu ya nyingine. Mtoto wa Maka, yule wa mwisho, aliamka ndani akaanza kulia, na Idil akajifuta mikono, akashika ukuta ili ainuke na tumbo lake, akaenda kumchukua.